Kupima presha ya haidroliki kwenye kijiko (ekskaveta): geji ipi, nipo (kiungio chenye nyuzi) ipi

Kijana mmoja alinipigia simu akiwa saiti, upande wa Nala, Dodoma. "Mzee, pampu ya paileti imekufa. Geji inasoma ishirini na kitu tu." Nikamuuliza geji yake inaishia ngapi. "Mia sita." Nikamwambia asifungue kitu mpaka nifike.

Pampu ya paileti, ile ndogo ya presha ya kuendeshea levo, ilikuwa nzima. Geji ya bar 600 ya daraja la 1.6 inaruhusiwa kukosea asilimia 1.6 ya namba yake ya mwisho, yaani karibu bar 10 juu au chini, popote mshale uliposimama. Ukipima bar 35 kwa geji hiyo, unabahatisha. Nilifunga ya bar 60, ikasoma 34.

Hatua ya 1: Jua unatafuta namba gani
Fungua kitabu cha mashine. Kijiko cha tani 20 mara nyingi mfumo mkuu huwa karibu bar 350, paileti kati ya 30 na 40. Angalia na kipimo kilichotumika: MPa 1 ni bar 10, na bar 1 ni psi 14.5.

Hatua ya 2: Chagua geji
Namba unayoitarajia iangukie kati ya nusu na robo tatu ya uso wa geji. Kwa bar 350 chukua ya 600. Ya 400 inaonekana inatosha, lakini opereta akigonga mwamba presha inaruka ghafla na mshale haurudi tena sifuri. Paileti, ya 60. Chukua yenye gliserini ndani, la sivyo mshale utatetemeka usijue usome wapi.

Hatua ya 3: Nyuzi
Hapa ndipo tunapoumia. Nipo ya robo inchi ya NPT (nyuzi za Kimarekani) ina nyuzi 18 kwa inchi, ya BSP (za Kiingereza) ina 19. Ukiilazimisha ya NPT kwenye tundu la BSP itaingia mizunguko michache kwa raha, kisha itakaza, nawe utadhani imefika. Imeshika nyuzi chache tu. Weka kipimio cha nyuzi juu yake, elekeza kwenye mwanga wa jua. Ukiona upenyo, siyo yenyewe.

Koni, zile ncha za viungio zinazobanana ili kuziba, nazo zina hila. JIC (ya Kimarekani) ni nyuzi 37, mashine nyingi za Japani ni nyuzi 30 (hizi ni nyuzi za pembe, siyo za skrubu). Kwa macho ni mapacha, ila presha ikipanda inavuja.

BSP iliyonyooka haizibi kwa nyuzi zake. Inaziba kwa washa ya chuma yenye mpira ndani, au kwa oringi. Kwa hiyo ile tepu nyeupe ya mafundi bomba iache kwao: vipande vyake vikiingia kwenye vali utatafuta ugonjwa mwingine wiki nzima. Nipo za bomba la maji pia usizikaribishe, hata kama duka liko jirani.

Mpira wa kupimia uwe ule mwembamba ulioandikwa bar 630, wa mita mbili hivi, ili usimame mbali na mashine.

Hatua ya 4: Ua presha kwanza
Shusha ndoo chini, zima injini, rudisha swichi kwenye "on", chezesha levo zote, kisha legeza kifuniko cha tangi. Uvujaji utafute kwa kipande cha boksi, kamwe siyo kwa kidole. Oili ikipenya ngozini, hata kwa kitundu cha sindano, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri kivimbe.

Hatua ya 5: Soma
Geji ikishafungwa, washa injini, pasha oili ifike nyuzi joto 50 hivi. Vuta silinda hadi mwisho, shikilia sekunde chache, soma. Rudia mara tatu.

Ukimaliza, rudisha kifuniko cha sehemu ya kupimia kabla hujakusanya spana. Vumbi la Dodoma halisubiri umalize chai.