Jinsi ya Kutafuta Kikoa cha Fanksheni Yenye Logi

Kikoa cha fanksheni ni seti ya thamani zote za x ambazo fanksheni hiyo inazikubali. Logi ya namba ni kipeo ambacho namba ya msingi, iitwayo kizio, hupewa ili kuipata namba hiyo. Logi hukubali namba chanya pekee, kwa kuwa kizio chake ni namba chanya, na namba chanya, hata ukiipa kipeo gani, haizai sifuri wala namba hasi.

Hatua ya 1: Usirahisishe kwanza. Kikoa husomwa kwenye fanksheni jinsi ilivyoandikwa. Sababu ya onyo hili itaonekana punde.

Hatua ya 2: Kilichomo ndani ya kila logi kiwe zaidi ya sifuri. Tuchukue f(x) = log(x² − x − 6). Tunahitaji (x − 3)(x + 2) > 0, na zao hili ni chanya pale vigawo vyote viwili vinapokuwa chanya au vyote viwili hasi, yaani x > 3 au x < −2. Wanafunzi wengi huifuta sehemu ya pili wakidhani kwamba x hasi hairuhusiwi. Jaribu −4: 16 + 4 − 6 = 14, na logi ya 14 ipo.

Sasa tazama g(x) = log(x − 3) + log(x + 2). Ukiziunganisha logi hizi utapata f(x) ileile, lakini hapa −4 inadai logi ya −7 na ya −2, ambazo hazipo katika namba halisi. Kila logi ina sharti lake, hivyo kikoa cha g ni x > 3 tu.

Hatua ya 3: Kagua asili ya sehemu (namba ya chini, ambayo haiwi sifuri) na kipeuo. Katika 1/log(x − 5), x izidi 5 lakini isiwe 6, kwa sababu logi ya 1 ni sifuri.

Kipeuo cha pili kinahitaji uangalifu zaidi, kwani kilicho chini yake hakiwi hasi. Kwa √(2 − log₃(x − 1)), sharti la kwanza ni x > 1. La pili ni log₃(x − 1) ≤ 2, yaani x − 1 ≤ 9. Kikoa ni 1 < x ≤ 10.

Kizio kikiwa 1/3 badala ya 3, alama hugeuka, kwa kuwa logi ya kizio kilicho chini ya 1 hupungua kadiri namba inavyokua: x − 1 ≥ 1/9, hivyo x ≥ 10/9. Ukitilia shaka, pima kwa 28/27, iliyo ndogo kidogo kuliko 10/9: logi inakuwa 3, na chini ya kipeuo inabaki −1.