Jinsi ya Kuandika Historia ya Lebo Ndogo ya Muziki wa Reivu

Wengi wanaoandika kuhusu lebo ndogo za Uingereza, yaani kampuni zilizotoa santuri za reivu (muziki wa dansi wa kielektroniki wa sherehe za usiku), huanza na wimbo uliovuma, kisha hurudi nyuma kutafuta ulikotoka. Kwa lebo ya Suburban Base, iliyoanzishwa na Danny Donnelly mwaka 1991 katika mji wa Romford, mashariki ya London, hiyo ina maana ya kuanza na "Sesame's Treet" ya kundi la Smart E's, iliyofika nafasi ya pili katika chati za Uingereza Julai 1992. Ninapendekeza utaratibu mwingine. Anza na orodha ya santuri zote kwa mfuatano wa namba zake, ongeza juu yake ushahidi wa duka, wa kiwanda, wa redio na wa watu, na wimbo uliovuma uufikie zamu yake itakapowadia. Lebo ya aina hii iliishi kwa santuri zilizouzwa wiki baada ya wiki kwa madijei waliozihitaji kwa shughuli za mwisho wa juma, na historia inayopima kila jambo kwa wimbo mmoja wa chati huwafuta watu walioibeba lebo hiyo mabegani.

Orodha kwanza

Kila lebo ilikuwa na herufi zake za katalogi. Suburban Base ilitumia SUBBASE, Moving Shadow ya Rob Playford wa Stevenage ilitumia SHADOW, Reinforced ya Dollis Hill ilitumia RIVET, na Kniteforce ilitumia KF. Chora jedwali lenye safu ya namba, jina la msanii kama lilivyochapishwa, jina la mtayarishaji, nyimbo za kila upande, mwaka uliochapishwa, anwani iliyoonyeshwa na msambazaji. Hifadhidata ya Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000 na mwanzoni ikashughulikia muziki wa kielektroniki peke yake, itakupa mifupa ya jedwali hilo kwa muda mfupi. Hata hivyo, taarifa zake huingizwa na wakusanyaji wa kawaida, kwa hiyo kila mwaka unaouona humo uchukue kama dai linalosubiri kuthibitishwa.

Usidhani kwamba mfuatano wa namba ni mfuatano wa kutoka sokoni. Namba hutolewa kazi inapopangwa, na kazi huweza kukwama kwa sababu ya fedha, ya kiwanda au ya mtayarishaji ambaye hajaridhika na mchanganyo wake, huku namba inayofuata ikiwa tayari madukani. Namba iliyorukwa nayo ni habari: huenda ni santuri iliyoahirishwa, au iliyohamishiwa lebo nyingine, au ambayo haikupata kutengenezwa kabisa. Acha mstari wake wazi kwenye jedwali, na utakapowapata wahusika uwaulize juu yake.

Soma santuri yenyewe

Hapa ndipo ninapomsihi mtafiti asiwe na haraka, kwa kuwa santuri ya inchi 12 ni hati ya kiwandani yenye kumbukumbu nyingi kuliko karatasi iliyobandikwa katikati yake. Ishike kwa kingo chini ya taa ya mezani, uiinamishe polepole mpaka mwanga uteleze juu ya ile sehemu laini iliyo kati ya mwisho wa muziki na karatasi ya katikati. Utaona herufi zilizokwaruzwa. Kwa kawaida kuna namba ya katalogi, ikifuatiwa na herufi ya upande na tarakimu, kwa mfano A1 au B2, na tarakimu hiyo mara nyingi huonyesha ni mara ya ngapi upande huo ulikatwa, yaani mifereji yake ya sauti ilichongwa kwenye sahani mama. Upande wenye A2 unakuambia kwamba mkato wa kwanza ulikataliwa au ulichakaa, na jambo lolote kati ya hayo mawili linafaa kufuatiliwa.

Pembeni mwa namba hiyo fundi wa kukata huweza kuacha alama yake. Inayojulikana zaidi ni ya George Peckham, ambaye aliandika "A Porky Prime Cut" kwenye maelfu ya santuri za kila aina ya muziki. Wakati mwingine mtayarishaji humwomba fundi aongeze salamu, utani au jina la rafiki, na maneno hayo machache ndiyo yanayoweza kukuonyesha nani alikuwa karibu na nani mwaka ule. Yanakili herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake ya tahajia, na utofautishe yaliyoandikwa kwa mkono na yaliyogongwa kwa mashine.

Santuri zenye karatasi nyeupe zisizo na jina zitakusumbua. Nyingine zilikuwa nakala za majaribio kutoka kiwandani, nyingine zilipelekwa kwa madijei kabla ya toleo rasmi, na nyingine ndizo zilikuwa toleo lenyewe, kwa sababu mwenye lebo hakuwa na fedha za kuchapa karatasi za rangi au hakutaka kuonekana na mwenye haki za sampuli aliyoitumia, yaani kipande cha sauti kilichochukuliwa kutoka rekodi nyingine. Maandishi ya kwenye santuri ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kuzitambua. Kuna pia sahani za asetati, zilizokatwa moja moja katika vyumba kama Music House ya kaskazini mwa London, ambazo huchakaa baada ya kuchezwa mara chache. Wimbo uliishi juu yake kwa miezi kadhaa kabla ya kufika dukani. Ukikuta kaseti ya sherehe ambamo wimbo unasikika mapema kuliko tarehe ya kutolewa, mara nyingi maelezo yapo hapo.

Majina na duka

Mtayarishaji mmoja aliweza kuwa na majina mengi, na lebo yenye watu wachache ilionekana kuwa na kikosi kizima. Danny Breaks ndiye aliyekuwa Sonz of a Loop Da Loop Era, jina lililotoa "Far Out" kwa Suburban Base. Baadaye alianzisha lebo yake, Droppin' Science. Chris Howell, mmoja wa watu watatu wa Smart E's pamoja na Tom Orton na Nick Arnold, anajulikana pia kama Luna-C na Cru-L-T. Tengeneza jedwali la pili linalounganisha majina haya, na usiyaunganishe kwa kukisia kutokana na mlio. Subiri upate jina lililochapishwa kwenye mstari wa mtunzi au kauli ya mhusika mwenyewe. Waimbaji, hasa wanawake, ndio waliosahauliwa zaidi. Rachel Wallace ametajwa kwa jina kwenye "Tell Me Why" ya 1992, lakini sauti nyingi za kike za kipindi hicho ziliingizwa kama sampuli bila mwenye sauti kutajwa mahali popote. Kuwatafuta ni sehemu ya kazi yako.

Suburban Base ilizaliwa katika duka la santuri la Donnelly, Boogie Times, na haiko peke yake, maana hata lebo ya Warp ya Sheffield ilitokana na duka mwaka 1989. Mwenye duka la madijei hujua kabla ya mtu yeyote santuri zipi zinaulizwa kaunta na bado hazipo, nani miongoni mwa wateja ana chumba chenye mashine ya sampuli, na nakala ngapi zinaweza kuuzwa bila hasara. Kwa hiyo uchunguze duka kwa uzito uleule unaoipa studio: tangazo la magazetini, anwani na simu iliyochapishwa kwenye mfuko wa plastiki, orodha ya bei, jina la aliyesimama kaunta Jumamosi. Rekodi za kampuni katika masijala ya Uingereza, Companies House, zinapatikana bure mtandaoni, ila tarehe ya kusajiliwa kampuni isichukuliwe kuwa ndiyo siku lebo ilipoanza, kwa kuwa wengi walitoa santuri kwanza na kusajili baadaye.

Kukadiria tarehe

Santuri isipokuwa na mwaka, pima mipigo kwa dakika. Kwa makadirio, reivu ya 1991 ilitembea kwenye mipigo 125 hadi 135, ya 1992 na 1993 ilipanda hadi 140 na 150, na kufikia 1994 mtindo wa jungle, uliotokana na reivu, ulikuwa umepita 160. Vifaa navyo husaidia. Mashine ya sampuli ya Akai S950, hata ikiongezewa kumbukumbu hadi kikomo chake, ilibeba megabaiti 2.25, na ndiyo maana vipande vya ngoma na sauti ni vifupi na mara nyingi vimeharakishwa kabla ya kunaswa ili viingie.

Weka pia sheria kwenye kalenda yako. Sheria ya 1990 ilipandisha faini ya kuendesha sherehe bila kibali hadi pauni 20,000 na kifungo cha miezi sita; mkusanyiko mkubwa wa reivu usio na kibali huko Castlemorton, Mei 1992, ulizua hasira bungeni; na sheria ya Novemba 1994 iliwapa polisi uwezo wa kutawanya mikusanyiko ya muziki uliotajwa kwa midundo yake inayojirudia. Lebo iliuza kwa watu waliokwenda kwenye sherehe hizo, hivyo mabadiliko ya mahali pa kuchezea yalibadilisha pia kilichonunuliwa. Redio zisizo na leseni, mfano wa Kool FM iliyoanza Hackney mwaka 1991, zilichukua nafasi kubwa katika kuutangaza muziki huo, na kaseti zilizonaswa hewani ni ushahidi wa thamani kubwa.

Wimbo uliovuma

Sasa ndipo ufike kwa "Sesame's Treet". Eleza kwanza chati ilivyopimwa: kampuni ya Gallup ilikusanya mauzo kutoka maduka yaliyochaguliwa, kwa hiyo santuri iliyouzwa zaidi katika maduka ya madijei ingeweza kuuza vizuri na isionekane. Wimbo huu ulionekana kwa sababu ulivuka hadi maduka ya kawaida na kwa watoto walioutambua muziki wa kipindi cha televisheni cha Sesame Street uliosampuliwa. Agosti 1992 jarida la Mixmag liliuliza iwapo "Charly" ya kundi la The Prodigy, nayo yenye sampuli ya filamu ya watoto na iliyofika nafasi ya tatu mwaka mmoja kabla, ilikuwa imeiua reivu, na nyimbo za sampuli za watoto zikawekwa kwenye kapu moja. Kwa maoni yangu lawama hiyo ilikuwa nzito mno: mwaka huohuo wa 1992 Howell alianzisha Kniteforce, na Suburban Base iliendelea hadi kutoa "Shot in the Dark" ya DJ Hype na kazi za Remarc, ambazo madijei wa jungle wanazicheza hadi leo. Orodha yako ya namba itayaonyesha hayo bila wewe kubishana na mtu.

Mahojiano na mwisho wa lebo

Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1991 hataikumbuka tarehe, lakini ataikumbuka santuri ukimkabidhi mkononi. Muulize nani alilipa kiwanda, nakala ngapi zilitengenezwa mara ya kwanza, nani aliendesha gari la kuzipeleka madukani, na malipo yalifikaje kwa mtayarishaji. Kauli mbili zikipingana, ziandike zote mbili pamoja na majina ya wasemaji, iwapo wameridhia kutajwa, na yale ya maisha yao ya faragha waliyokueleza bila kujua kwamba yataandikwa uyaache.

Mwisho wa lebo unahitaji uangalifu uleule wa mwanzo. Mkusanyo wa nyimbo za Suburban Base uliotolewa mwaka 2014 umebeba miaka 1991 hadi 1997 katika jina lake, nayo ndiyo mipaka ya kipindi cha kwanza. Tofautisha santuri ya mwisho kutolewa, kampuni kufungwa, na haki za nyimbo kuhamia mikono mingine, kwani ni nadra mambo hayo matatu kutokea siku moja. Kwa kila toleo la upya andika nani anamiliki rekodi ya asili, nani analipwa kama mtunzi, na kama lilitengenezwa kutoka kanda ya asili au kutoka santuri ya zamani.