SOMO: Jinsi ya kutambua muundo wa habari kwenye ufahamu

Mitihani ikikaribia naulizwa jambo hili hili: nitajuaje habari imepangwa kwa ulinganishi, kwa sababu na matokeo, au kwa mfuatano? Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Soma kichwa cha habari na sentensi ya kwanza ya kila aya.

2. Pigia mstari viunganishi. "Ilhali" na "kinyume na" huashiria ulinganishi, "kutokana na" sababu, "kwanza" na "kisha" mfuatano.

3. Hapa ndipo alama zinapopotea. Soma aya hii:

"Sangara waliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950. Samaki hawa hula samaki wengine, wakiwemo wadogo waitwao furu. Miaka ya 1980 wakaongezeka mno, furu wakapungua, na aina nyingi za furu zikatoweka."

Mwanafunzi akiona miaka anaandika "mfuatano wa matukio" na kuendelea. Funika miaka kwa kidole. Aya bado inasimama, maana inaeleza kwa nini furu walipungua: ni sababu na matokeo. Sasa jaribu hii: "Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, mwaka 1901 ikafika Kisumu." Ukifunika miaka, habari imekwisha. Huo ndio mfuatano.

Tahadhari: kiambishi -ka- kisikudanganye. Katika "wakaongezeka, furu wakapungua" hakuna neno "sababu", lakini sababu imo. Jiulize: la kwanza lisingetokea, la pili lingetokea?

4. Andika muundo pembeni ndipo uanze muhtasari.

MASWALI

– Kwa hiyo nikiona mwaka tu, ni mfuatano?

Hatua ya 3. Isome yote.

– Mwalimu tutumie majibu ya zoezi.

Sitoi majibu. Lete aya na ulichoandika, tutazame pamoja.

– Shikamoo mwalimu. Habari moja yaweza kuwa na miundo miwili? Nina ya ufugaji nyuki: inaanza na mzinga wa jadi na wa kisasa, halafu namna ya kurina asali.

Marahaba. Umesoma kwa makini. Yaweza, tena mara nyingi. Mizinga ikiwekwa sambamba ni ulinganishi. Kurina ni hatua, yaani mfuatano. Swali likitaja aya, jibu la aya hiyo. Likitaja habari nzima, tazama kichwa kinaahidi nini na aya nyingi zinatumikia nini. Nitumie kichwa chake.

– "Faida za Mzinga wa Kisasa."

Basi ulinganishi ndio mkuu. Hatua za kurina zimewekwa kuonyesha wepesi wake.

– Mimi nafuga nyuki. Mwambieni pia asikate masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta. Asali yake ina maji mengi, itachacha.