Kuku akichechemea, anza na vidole

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Chini ya meza yangu ya kukatia hushinda kuku kishingo anayeitwa Shangazi, na wateja wameshazoea kumruka. Penye nyuzi na kuku hapakosi mguu mbovu, basi nimezoea kuwatibu, wangu na wa majirani. Wanaosema "mchinje tu, hiyo supu" nawasikia. Shangazi si wa supu.

Subiri magharibi ndipo umkamate, maana gizani kuku hutulia. Mfunike khanga, mabawa yakae ndani, umpakate. Usimning'inize kichwa chini kama wa sokoni. Huo mguu unaouma ndio utakaobeba mwili mzima. Wala usimbane kifua. Kuku hana kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kama sisi, anavuta hewa kwa kukinyanyua kidari, na ukimkumbatia kwa nguvu anaweza kukufia mikononi nawe unadhani ametulia.

Sasa washa taa, vaa miwani kama unayo, uanze na vidole. Watu hukimbilia paja na goti, kumbe kilichomlemaza ni uzi, au unywele wa rasta uliopeperuka kutoka saluni. Ukijizungusha kidoleni unazama nyamani, juu unaona uvimbe tu. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, dakika 10 hivi, uchafu ulainike. Kisha chukua kile kisu kidogo cha kufumulia mshono: ncha yenye kitone ipite upande wa nyama, ukate kuelekea juu. Usiuvute uzi, utaichana ngozi. Kata mzunguko mmoja mmoja, utoe kila kipande kwa kibano, urudie kuangalia, kwa sababu uzi mmoja ukibaki kazi yote ni bure. Kidole kilichokwisha kuwa cheusi na kikavu kiache, kitadondoka chenyewe, na kuku ataendelea kutembea vizuri tu. Kikiwa kibichi na kinanuka, hapo ni kwa daktari wa mifugo.

Geuza unyayo. Ukikuta uvimbe wenye kigaga cheusi katikati, hilo ni jipu la unyayo. Mara nyingi linatokana na kuruka kutoka kwenye kichanja kirefu na kutua kwenye sakafu ya saruji, au kuchomwa na kitu, vijidudu vikaingia. Likiwa dogo, loweka kila siku, paka iodini iliyopunguzwa kwa maji, weka pamba, funga. Likiwa kubwa na gumu usilipasue kwa wembe nyumbani. Usaha wa kuku ni mgumu kama jibini, hautoki kwa kukamua.

Mfupa uliovunjika unaujua kwa kulinganisha miguu miwili: upi una joto, upi umevimba, upi umepinda. Sehemu yenye magamba ikivunjika bila kutoboa ngozi, unaweza kuifunga mwenyewe. Paja huliwezi, na mfupa uliotokeza nje usiuguse, mpeleke.

Kufunga ndiyo kazi ninayoiringia. Tanguliza pamba, kisha vijiti viwili vya aiskrimu vilivyokatwa kwa urefu wa mguu, kimoja kila upande, kisha ukanda wa kitambaa cha jezi wenye upana wa vidole viwili. Maliza kwa plasta, kamwe si kwa uzi. Vidole viachwe nje uvione: vikipoa, vikivimba au vikigeuka bluu, umekaza mno, fungua upya. Angalia baada ya saa moja, kisha asubuhi na jioni. Mfupa wa ndege unaunga haraka kuliko wetu, mara nyingi wiki 3 hutosha.

Kuna kuchechemea kusikotokana na jeraha. Mguu mmoja ukinyooka mbele na mwingine nyuma, shuku mahepe, ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu, na huo hauna dawa. Shingo ikipinda na kinyesi kikiwa cha kijani, shuku mdondo, wengine huita kideri: mtenge na wenzake siku hiyohiyo, umwite afisa mifugo. Kinga yake ni chanjo ya tone la jicho kila baada ya miezi 3. Kifaranga aliyekunja vidole ndani kama ngumi huenda amekosa vitamini B2, muulizie vitamini za maji duka la dawa za mifugo.

Mgonjwa akae peke yake, maana wenzake wakiona damu watamdonoa. Boksi, maranda mengi, bila kichanja. Gazeti halifai, linateleza. Maji yawe kwenye kikopo kizito, chakula pale ulipo mdomo wake. Mimi humpa dagaa wa kusaga, mchicha, na yai la kuchemsha, na wacheke wanaotaka. Anayelala muda wote huchubuka kidari, basi badilisha maranda kila yakilowa. Jeraha lililo wazi lifunikwe. Inzi akishataga utakuta funza.

Vidonge vyako vya maumivu viache kabatini. Diklofenaki ndiyo iliyowafyeka tumbusi wa India waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo, hadi ikapigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Akiandikiwa antibaiotiki, uliza mayai yasiliwe kwa siku ngapi.

Akianza kukanyaga sawasawa, mrudishe bandani usiku, wenzake wakiwa wamelala. Kesho yake watasukumana kidogo, waache wamalizane. Damu ikitoka, arudi kwenye boksi, ujaribu tena baada ya siku chache.