Somo: Redio ya valvu iliyolala miaka mingi, nini kimekufa na nini bado kizima

Somo hili ni la redio za meza za Ulaya za miaka ya 1950 na 1960, zenye transfoma ya umeme na valvu (taa ya kioo inayokuza mawimbi) ya sauti EL84. Usiichomeke ukutani "kuona kama inaimba". Huenda ikaimba kweli, kisha baada ya dakika chache ikaunguza valvu ya sauti au transfoma ya spika, vitu ambavyo vilikuwa vizima. Watu hulaumu valvu kwanza, kumbe kinachozeeka zaidi ni kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme).

Hatua ya 1. Soma namba za valvu. Zikianza na U (UCH81, UL84, UY85), chasisi (fremu ya chuma ya redio) inaweza kuwa imeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Hiyo iache mpaka upate transfoma ya kutenga, yaani inayoitenganisha redio na umeme wa ukutani. Kama zinaanza na E, angalia kichagua volti nyuma kimewekwa 240, na ubadilishe waya wa umeme ikiwa mpira wake umekauka.

Hatua ya 2. Kabla ya kugusa chochote, na kila mara baada ya kuzima, maliza chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya kiloomu 10 ya wati 5. Shikilia sekunde kumi, kisha pima uhakikishe.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye roho ya kazi. Tafuta kapasita inayopeleka sauti kwenye mguu wa 2 wa EL84, yaani gridi, inayodhibiti mkondo wa valvu. Kwa kawaida ni ya karatasi na nta, maikrofaradi 0.01 au 0.022. Karatasi hufyonza unyevu, kapasita inaanza kuvuja. Piga hesabu: upande mmoja una volti 100, rezista ya gridi ni kiloomu 470. Uvujaji wa megaomu 10 tu unaipandisha gridi kwa volti 4.5 hivi. EL84 hufanya kazi kathodi (sehemu inayotoa elektroni) ikiwa juu ya gridi kwa volti 7 hivi, kwa hiyo valvu inavuta mkondo kupita kiasi na kuchemka. Mita ya kapasita haitakuonyesha hili, maana inapima kwa volti chache. Itoe bila kubishana nayo, weka ya plastiki ya thamani ileile, volti 630. Kisha badilisha za karatasi zilizobaki.

Hatua ya 4. Kapasita za elektrolaiti za kuchuja umeme. Zikikaa miaka bila volti, utando wa oksidi kwenye alumini hupungua. Maji ya ndani nayo hukauka. Dalili ni muungurumo kwenye spika au kopo kuwa la moto. Penye maikrofaradi 32 weka 33 au 47, volti 450.

Hatua ya 5. Rezista za kaboni hupanda thamani. Anza na zile za kuanzia kiloomu 100, inua mguu mmoja ndipo upime. Ikizidi thamani iliyoandikwa kwa zaidi ya asilimia 20, toa.

Kapasita za maika na za kauri ziache. Usizungushe viini vya feriti vya kopo za IF (koili za masafa ya kati). Vimeshikwa na nta na huvunjika.

Hatua ya 6. Washa ukiwa umeunga balbu ya waya ya wati 60, si ya LED, kwa mfuatano na waya wa umeme wa redio. Iwake kwa nguvu, kisha ififie. Ikibaki na mwanga mkali, kuna shoti, zima. Ikififia, toa balbu, washa moja kwa moja, pima mguu wa 2 hadi chasisi: inatakiwa sifuri.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, nimebadilisha kapasita lakini gridi bado inasoma volti 1.5.
Jibu: Chomoa EL84, pima tena. Volti ikibaki, tatizo liko kwenye kapasita au soketi chafu. Ikipotea, valvu yenyewe ina gesi.

Swali: Mkuu, kwa nini nisiweke maikrofaradi 100 muungurumo uishe kabisa?
Jibu: Kama rektifaya (valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) ni EZ80, kapasita ya kwanza baada yake isizidi 50. Kubwa zaidi hunyonya mkondo mkali kila inapochaji, na kathodi ya rektifaya inaharibika.

Swali: Niko Tanga. Nimepata kapasita za karatasi za zamani hazijatumika, bado ziko kwenye boksi. Zinafaa?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Unyevu hauulizi kama imetumika, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Valvu ambayo haijatumika ndiyo ya kuthamini: mradi ule utando wenye rangi ya fedha ndani ya kioo haujageuka mweupe kama maziwa, hewa haijaingia.

Swali: Yangu ni ya transista AF117. Inakwaruza, inakata, ukiigonga inarudi.
Jibu: Ndani ya kopo huota nyuzi nyembamba za bati zinazogusa transista. Kata mguu wa kinga (unaoungana na kopo), ule ulio kati ya besi na kolekta. Isipopona, nyuzi zimegusa miguu zaidi ya mmoja. Weka transista nyingine ya germaniamu ya PNP ya masafa ya redio.