Namna ya Kuzungumza na Ndugu Aliyepata Uraia wa Marekani Kuhusu Shukrani na Siasa

Mwongozo huu ni kwa ajili ya familia za Kigoma na Tabora zenye mtoto, kaka, dada au shangazi aliyehamishiwa Marekani kutoka katika kambi za wakimbizi, ambazo kila zikizungumza naye kwa simu hufika mahali mazungumzo yakakwama. Mara nyingi hukwama pale pale. Ndugu analalamikia jambo fulani la siasa za huko, na mzee wa hapa anamjibu kwamba nchi ile imempa makazi, imempa kazi na inamsomeshea watoto, sasa anaisema vibaya kwa lipi? Baada ya hapo simu zinapungua, salamu zinabaki za Krismasi na Idi, na mambo mazito hayagusiwi tena. Msimamo wangu ni kwamba kulishukuru taifa si kuahidi kulinyamazia, na kwamba raia mpya anayeijali nchi yake kiasi cha kuikosoa hajawakosea adabu waliompokea. Wazazi wetu wa Ulyankulu, makazi ya waliokimbia Burundi, wanalijua jambo hili kuliko wanavyokiri, nami nitalirudia mbele.

Anza kwa kujua ndugu yako amefikia hatua gani. Mtu aliyeingia Marekani kama mkimbizi hutakiwa kuomba ukazi wa kudumu baada ya kukaa mwaka mmoja, na akitimiza miaka mitano anaweza kuomba uraia. Mkazi wa kudumu hufanya kazi na kulipa kodi kama wengine, lakini haruhusiwi kupiga kura katika uchaguzi wa rais wala wa Bunge la Marekani, na akipiga anaweza kunyimwa uraia au hata kuondolewa nchini. Hatari hiyo iko karibu kuliko tunavyodhani, kwa sababu sheria ya mwaka 1993 inazitaka ofisi za leseni za udereva katika majimbo mengi kuwapa waombaji nafasi ya kujiandikisha kupiga kura papo hapo, na mgeni ambaye Kiingereza bado kinamtatiza anaweza kuitikia ndiyo kwa kudhani kwamba ndivyo adabu inavyotaka. Kwa hiyo, kama ndugu yako bado hajaapa, usimhimize akapige kura ili aonyeshe kwamba na yeye sasa ni mtu wa huko. Usimlazimishe pia kutoa maoni ya kisiasa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilijaribu kuwaondoa nchini baadhi ya wanafunzi wa kigeni, na hata wakazi wa kudumu, kwa sababu ya kauli zao na maandamano waliyoshiriki, na tangu wakati huo wapo wageni wengi wanaochagua maneno kwa uangalifu. Ukiona anakwepa swali, mwache alikwepe.

Akiwa ameshaapa, mazungumzo yanafunguka, na hapo inafaa ujue aliapa nini. Uraia wa Marekani haupatikani kwa kuhesabu miaka peke yake. Kuna usaili, kuna mtihani wa Kiingereza, na kuna maswali ya historia na uendeshaji wa serikali. Walioomba kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 hujiandaa kwa maswali 128, huulizwa yasiyozidi 20, na hufaulu wakijibu sawasawa 12. Mtu aliyemaliza darasa la sita kambini, anayefanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama, akajifunza majina ya mihimili ya dola, idadi ya maseneta na sababu za vita vya wenyewe kwa wenyewe, amefanya kazi kubwa ambayo wengi waliozaliwa nchini humo hawajawahi kudaiwa. Mwambie hivyo waziwazi, kwa sababu mara nyingi hakuna mtu wa kwao aliyemwambia.

Siku ya kiapo hurudisha kadi ya ukazi wa kudumu, husimama na watu waliotoka pembe zote za dunia, huinua mkono wa kulia, na akimaliza hukabidhiwa cheti. Katika kiapo hicho hukana utii kwa dola nyingine yoyote na huahidi kuitetea Katiba na sheria za Marekani. Rais hatajwi kama mtu anayeapiwa, wala chama, wala kabila. Jambo hili ndilo ningependa mzee yeyote wa Kasulu au Kaliua alishike kabla hajamwita mwanawe mtovu wa shukrani, kwa kuwa aliyeapa kuitetea Katiba anaweza kumpinga rais asubuhi na jioni bila kuvunja neno hata moja la kiapo chake. Tena, kwa familia ambazo ni raia wa Tanzania, ieleweke kwamba sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, hivyo anayeupokea ule wa Marekani kwa hiari yake anaupoteza wa Tanzania. Hakuna sababu ya kumlaumu kwa hilo wala kumdhihaki kwamba sasa ni mzungu. Ameacha hati ya kusafiria, lakini jina la babu yake bado analo.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu, nayo ni kumsaidia kuitenganisha shukrani yake. Tukisema "ishukuru Marekani" tunachanganya mambo mengi katika neno moja. Wapo watu waliompokea uwanja wa ndege usiku wakamkabidhi koti la baridi, yupo mwalimu aliyebaki na watoto wake baada ya masomo, lipo kanisa lililomletea kitanda na masufuria. Ipo sheria ya wakimbizi ya mwaka 1980, iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter, ambayo ndiyo msingi wa mpango uliomtoa kambini. Halafu wapo viongozi wa leo, ambao pengine hawakushiriki lolote katika safari yake. Mwombe akutajie kila kundi lilifanya nini, na utaona mazungumzo yanapoa, kwa sababu ataweza kumsifu jirani yake wa Iowa kwa moyo wote huku akiipinga sera ya waziri fulani, na wewe hutakuwa na haja ya kuona kwamba anajipinga.

Katika hesabu hiyo msisahau tiketi ya ndege. Jambo hili halijulikani sana huku kwetu, na likijulikana hubadilisha sura ya mazungumzo yote. Wakimbizi wanaohamishiwa Marekani hupewa nauli kama mkopo usio na riba kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, wakatia saini kabla ya kusafiri, na huanza kuulipa miezi michache tu baada ya kufika. Familia ya watu wanane hufika ikiwa na deni la watu wanane. Nimemsikia baba mdogo mmoja wa Ulyankulu akimtumia mpwa wake ujumbe wa sauti, akimkumbusha kwamba alibebwa bure na ndege ya Wamarekani. Jibu lilikuja taratibu, bila kuinua sauti: "Shikamoo, baba mdogo. Ile nauli nimeimaliza kuilipa, risiti ninazo, za kwangu na za mama. Sikatai kwamba walinisaidia. Ninachosema ni kwamba niliyekuwa ninadaiwa nauli nimeilipa, sasa naomba niongee kama mwenye nyumba." Mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akajibu marahaba na kuuliza habari za watoto. Deni lililoandikwa lina mwisho wake, na aliyelimaliza anastahili kusikilizwa bila kukumbushwa kila siku kwamba alikuja mikono mitupu.

Sasa tuje kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa kuwa hapo ndipo siasa za Marekani zinapoingia moja kwa moja katika nyumba za mkoa wa Kigoma. Kila mwaka rais wa Marekani huweka kikomo cha wakimbizi watakaopokelewa. Kwa mwaka wa bajeti wa 2024 kikomo kilikuwa 125,000. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kuusimamisha mpango huo, na kikomo kilichotangazwa baadaye kwa mwaka wa 2026 ni 7,500. Nyuma ya tarakimu hizo wapo watu ambao tayari walikuwa wamefanyiwa usaili na uchunguzi wa afya, wengine wakiwa wameshagawa vyombo na kuuza baiskeli. Ndugu aliyeko Kentucky au Idaho ambaye mdogo wake amebaki kambini hawezi kuzungumzia uamuzi huo kwa utulivu wa mtazamaji. Akikasirika, usimkatize kwa kumkumbusha kwamba yeye alifanikiwa kuingia. Kuingia kwake ndiko kunakompa uchungu, kwa kuwa anaijua njia na anaujua mlango uliofungwa.

Wakati huo huo, usistaajabu ukigundua kwamba amempigia kura mtu usiyemtarajia. Wahamiaji hawapigi kura kwa mkumbo mmoja. Wapo wanaovutwa na misimamo ya kidini kuhusu familia, wapo wanaotazama bei ya vyakula na kodi ya nyumba, wapo wanaoamua kwa suala la uhamiaji peke yake. Badala ya kumuuliza ni wa chama gani, muulize ni jambo gani katika mtaa wake lilimfanya aende kituoni. Huko watu huchagua wajumbe wa Baraza la Wawakilishi kila baada ya miaka miwili, na mahali pengi huchagua pia bodi ya shule na viongozi wa kaunti, kwa hiyo swali kuhusu shule ya watoto hukupeleka ndani ya siasa zao za kweli haraka kuliko swali kuhusu rais. Naomba pia tuache kumtumia video fupi za kuchochea zilizozunguka mtandaoni ambazo hakuna anayejua zilikotoka. Yeye ndiye anayeishi huko, na inafaa sisi tuwe wenye kuuliza.

Ukitafuta siku nzuri ya kufanya mazungumzo haya, chagua Siku ya Shukrani, ambayo huadhimishwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Abraham Lincoln aliitangaza kitaifa mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na sheria ya mwaka 1941 ndiyo iliyoiweka kwenye Alhamisi hiyo ya nne. Viwanda na ofisi nyingi hufungwa, hivyo ndugu yako huenda akawa nyumbani. Ikiwa yuko Iowa au Texas, saa tisa alasiri kwake ni saa sita usiku hapa, basi panga kumpigia mapema kidogo. Muulize wamepika nini, na kama mwaka huu wamefanikiwa kupata mawese na dagaa. Kisha muulize majirani zake wanaielewaje siku hiyo, maana hata wao hawaielewi kwa namna moja. Masimulizi yake yanarudi kwenye karamu ya mwaka 1621 kati ya walowezi wa Plymouth na Wawampanoag, wenyeji wa eneo hilo, lakini tangu mwaka 1970 wapo wazawa wa asili wanaokusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza ardhi na watu waliopotea. Wote hao ni raia, na taifa lao limewavumilia wote wawili, anayeshukuru na anayeomboleza.

Kwa mzee anayeamini kwamba mgeni pekee ndiye anayeikosoa Marekani, mweleze habari za Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa Maryland, akatoroka mwaka 1838, na tarehe 5 Julai 1852 akasimama mbele ya watu mjini Rochester, New York, kuhutubia juu ya sikukuu ya uhuru. Aliwasifu waasisi wa taifa kwa ujasiri wao, kisha akauliza sikukuu hiyo inamhusu nini mtu aliyefungwa minyororo. Leo Wamarekani wanamhesabu miongoni mwa wakubwa wao. Mweleze pia kwamba mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika shauri la familia za Mashahidi wa Yehova wa West Virginia kwamba mwanafunzi hawezi kulazimishwa kuisalimu bendera. Nchi ambayo mahakama yake ilikataa kuilazimisha heshima kwa bendera haihitaji shangazi wa Kibondo aidai kwa niaba yake.

Nilisema wazazi wetu wanalijua hili. Mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao, walipewa uraia wa Tanzania, wengi wao wakiwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walikuwa wamelima ardhi hii kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka uliofuata ukaja uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015, na katika vikao vya vijiji watu wale wale waliopokea vyeti kwa machozi walianza kuuliza habari za barabara, zahanati na bei ya tumbaku, bila mtu kuwaona kuwa wameikana fadhila ya Mwalimu Nyerere na wenyeji waliowapokea. Mzee akikaza kamba, mwombe asimulie swali la kwanza alilouliza kikaoni akiwa raia. Atalikumbuka.

Kuhusu watoto waliozaliwa huko, mambo ni mepesi zaidi. Ni raia kwa kuzaliwa kwa mujibu wa marekebisho ya 14 ya Katiba ya mwaka 1868, na hawakuhamishwa na mtu, kwa hiyo usiwadai shukrani ya mkimbizi. Waongeleshe Kiswahili, au Kiha na Kirundi kama bado vinaeleweka nyumbani mwao, na uwaambie majina ya waliozikwa huku.

Ikitokea mkakosana pamoja na uangalifu wote huu, usimtume mtu wa tatu kwenda kusuluhisha, na usiliweke jambo lenyewe kwenye kundi la ukoo. Acha wiki moja ipite, kisha mtumie habari za nyumbani: mvua imenyesha lini, nani amejifungua, treni ya Kigoma imechelewa au haikuchelewa. Akijibu, muulize habari za kazi. Siasa ataileta mwenyewe akiwa tayari, na akiileta, msikilize mpaka amalize.