Somo: Woshi ya rangi ya mafuta kwenye modeli ya plastiki ya kifaru cha kivita, skeli ya 1/35 (T-34-85, Belarusi, kiangazi cha 1944)

Wakuu, kazi ya woshi ni moja: kuingia mferejini, kuzunguka kichwa cha bolti, kukaa kando ya mshono wa kuchomelea, na kuacha kivuli. Kwenye skeli ya 1/35 kichwa cha bolti hakifiki milimita moja, na taa ya chumbani haiwezi kukitolea kivuli kinachoonekana. Kivuli hicho tunakipaka sisi. Woshi yenyewe ni rangi ya mafuta ya wachoraji iliyozimuliwa kwa waiti spiriti mpaka ikatiririka.

Karibu kila kosa linalolaumiwa kwenye woshi limeanzia kwenye tabaka lililo chini yake. Ndiyo maana somo hili linakaa sana kwenye maandalizi.

Mfano ni T-34-85, kifaru cha Kisovyeti kilichoanza kuingia vitani mwanzoni mwa 1944. Tunaichukulia Belarusi, majira ya joto ya mwaka huo, wakati wa Operesheni Bagration, mashambulizi makubwa ya Wasovyeti dhidi ya Wajerumani. Mahali na majira vinaamua rangi ya vumbi, kwa hiyo viamue kabla ya kufungua tyubu yoyote.

Vifaa

Rangi za mafuta, tyubu ndogo. Tafuta hizi kwa majina ya kwenye lebo: Burnt Umber, Burnt Sienna, Yellow Ochre, Ivory Black na Titanium White. Tano zinatosha. Zile za bei ya chini kabisa za wanafunzi zina chembe kubwa, na chembe hizo huonekana kama mchanga juu ya kifaru. Tyubu moja nzuri ya Burnt Umber ni bora kuliko boksi la rangi ishirini na nne.

Waiti spiriti au tapentaini ya madini, ile ya kuzimulia rangi za mafuta za milango, mililita 250. Thina ya rangi za magari usiilete mezani kabisa: inayeyusha plastiki ya modeli.

Brashi ya mviringo namba 0 yenye ncha kali, brashi bapa ya milimita 4 hadi 6, kipande cha kadibodi ya boksi isiyong'aa, bomba la sindano la mililita 5 la kupimia, tishu, na vijiti vya pamba. Woshi ichanganyiwe kwenye kisahani cha udongo au kifuniko cha bati cha chupa ya jemu. Vikombe vyeupe vya povu huyeyuka.

Fungua madirisha na vaa glovu. Tishu zilizolowa rangi ya mafuta usizifinyange na kuzitupa kwenye pipa: mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo lililobanana linaweza kuwaka lenyewe. Zitandaze zikauke, au zitie kwenye kopo la maji.

Hatua ya 1: rangi ya chini

Tabaka la chini liwe la akriliki. Rangi ya enameli huyeyuka kwa waiti spiriti ileile unayozimulia woshi. Kwa kijani cha Kisovyeti, 4BO, mchanganyiko unaokubali vizuri ni Tamiya XF-58 sehemu 4 na XF-60 sehemu 1. Fanya kijani kiwe cheupe kidogo kuliko unachokitaka mwishoni, kwa sababu filta (rangi nyepesi sana inayopitishwa juu ya bodi nzima) na woshi vitakizamisha. Kifaru kinachopendeza sana kabla ya woshi huishia kuwa cheusi.

Puliza praima kwanza, na hakikisha imefika hata chini ya bodi na nyuma ya mikono ya magurudumu. Sababu iko kwenye swali la nne.

Hatua ya 2: vanishi ya kung'aa

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Juu ya rangi kavukavu isiyo na mng'ao, woshi husambaa kama chai kwenye kitambaa na kuacha doa ambalo halifutiki. Juu ya uso laini hukimbilia penye shimo.

Changanya Tamiya X-22 (vanishi ya kung'aa) na X-20A (thina yake) nusu kwa nusu, puliza kwa brashi ya hewa yenye shinikizo la baa 1 hivi, tabaka tatu nyepesi zenye dakika kumi kati yake. Stika za maji zibandikwe baada ya tabaka la pili, kisha la tatu lizifunike. Subiri saa 24. Ukiwa pwani wakati wa masika, subiri 48. Vanishi iliyokauka juu tu italainika unapofuta, na brashi itaondoka na kijani.

Mnara wa T-34-85 ni wa chuma cha kumwaga kwenye kalibu, na modeli nzuri huonyesha ule ukwaru wake. Pale puliza tabaka mbili tu. Woshi ikibaki kidogo kwenye vijishimo vya ukwaru, ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya 3: kutoa mafuta, kisha kupima

Kamulia rangi juu ya kadibodi, iache dakika 30 hadi 60. Utaona duara la mafuta likitanuka kuzunguka rangi. Mafuta hayo yakibaki, woshi itang'aa na kuchelewa kukauka. Ukiacha nusu siku nzima, rangi hukosa cha kuishikiza na hutoka kama unga.

Filta: rangi kiasi cha punje mbili za mchele kwenye mililita 3 za waiti spiriti. Ionekane kama chai ya rangi iliyoongezwa maji.

Woshi: kiasi cha punje moja ya hindi kwenye mililita 3 hizohizo. Ionekane kama kahawa ya mtungi. Kwa kijani hiki tumia Burnt Umber sehemu 3 na Ivory Black sehemu 1. Nyeusi tupu inafanya kifaru kionekane kimechorwa kwa kalamu.

Ijaribu kwenye karatasi nyeupe: ukipitisha brashi, uone kahawia na bado uione karatasi. Koroga kila baada ya dakika chache, rangi huzama chini.

Hatua ya 4: filta

Filta ya Yellow Ochre inapitishwa juu ya bodi nzima kwa brashi bapa iliyokamuliwa kwenye tishu. Uso ulowe tu, usitiririke. Inaunganisha kijani na stika na kukipa joto kidogo. Saa 24 za kukauka, basi.

Hatua ya 5: woshi ya ncha

Gawa kifaru: bamba la mbele, ubavu wa kushoto, wa kulia, nyuma, sitaha ya injini, mnara. Maliza eneo moja kabla ya kuhamia jingine.

Lowesha eneo kwanza kwa waiti spiriti safi, utando mwembamba tu. Chovya ncha ya brashi namba 0 kwenye woshi, gusa ukingo wa tishu mara moja, kisha gusa kichwa cha bolti na uinue. Usivute brashi. Woshi itazunguka bolti yenyewe. Kwenye mshono, gusa sehemu moja na uitazame ikikimbia. Gusa tena pale ilipokomea.

Kwenye T-34-85 usipitwe na haya: bawaba za mlango wa dereva kwenye bamba la mbele, msingi wa bunduki ya bodini, miguu ya vyuma vya kushikia askari waliopanda juu, kiungo cha mnara na bodi, kuba dogo la kamanda juu ya mnara, vipenyo vya sitaha ya injini, na kile kifuniko cha mviringo kati ya egzosi mbili nyuma, chenye bolti kuzunguka. Kifuniko hicho ndicho kinachotazamwa kwanza kifaru kikigeuzwa, na ndicho kinachosahauliwa.

Subiri dakika 15 hadi 30, mng'ao wa maji uondoke. Lowesha brashi bapa, ikamue mpaka isidondoshe, ufute kilichozidi. Kwenye ubavu futa kwenda chini tu, jinsi mvua inavyotiririka. Kwenye sitaha futa kuelekea kwenye shimo. Brashi iliyolowa sana hurudisha woshi yote kuwa maji na kuacha alama ya ukingo, kama doa la chai mezani. Alama hiyo ikitokea, lowesha kingo zake, subiri dakika moja, uivute kwa brashi kavu.

Hatua ya 6: nukta

Weka nukta ndogo kama kichwa cha pini, bila kuzimua, kwenye bamba lililosimama: nyeupe, Yellow Ochre, na Burnt Sienna moja moja tu. Nukta 8 hadi 12 kwa ubavu wa bodi. Kwa brashi bapa yenye unyevu kidogo vuta kwenda chini mpaka ziyeyukie kwenye kijani. Ikiwa bado unaweza kuonyesha nukta ilipokuwa, endelea kuvuta. Nyeupe iwe juu, karibu na kingo zinazopigwa na jua. Sienna iwe chini.

Kukausha: Burnt Umber hukauka haraka kwa sababu ina manganizi, inayoharakisha kukauka kwa mafuta, hivyo siku moja hadi tatu hutosha. Titanium White na Ivory Black zinaweza kuhitaji wiki. Funika kifaru kwa boksi kuzuia vumbi la nyumbani. Ukitumia taa kuongeza joto, lisizidi nyuzi 40.

Hatua ya 7: vanishi isiyong'aa, vumbi, kutu

XF-86 iliyozimuliwa nusu kwa nusu, tabaka mbili. Baada ya hapo ndipo vumbi linakuja.

Udongo mwingi wa Belarusi ni wa mchanga, wa kijivu-njano uliopauka, na kwenye vinamasi kuna mboji nyeusi. Changanya nyeupe, Yellow Ochre na Umber kidogo, paka bila mng'ao kwenye madigadi na nusu ya chini ya bodi, kisha ufute kwenda juu na ififie. Anayepaka T-34 kwa udongo mwekundu tuliouzoea huku kwetu amekihamishia kifaru bara jingine.

Kutu iwe kwenye mabomba mawili ya egzosi: Burnt Sienna na nyeusi, ikigongwa kwa kipande cha sponji. Mabamba ya silaha yaachwe. Vifaru hivi vingi viliharibiwa ndani ya miezi, havikupata muda wa kuoza.

Mapipa ya dizeli ya ubavuni hayakuunganishwa na injini. Mafuta yalitolewa kwa mkono. Kwa hiyo madoa yaanzie kwenye vifuniko vya kujazia na kuteremka kwenye tumbo la pipa: Umber na tone la vanishi ya kung'aa.

Minyororo iwe kahawia-nyeusi. Chuma kinachong'aa kiwe kwenye meno ya kati, ambayo ndiyo gurudumu la nyuma linayashika ili kuuvuta mnyororo, na kwenye sehemu zinazokanyaga ardhi. Sugua penseli ya 6B pale.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mkuu, mafuta ya taa yanaweza kushika nafasi ya waiti spiriti?*
Yatazimua, lakini hukauka polepole na kuacha utando wa mafuta. Vanishi ya mwisho haitashika vizuri juu yake. Tumia tapentaini ya madini ya duka la vifaa vya ujenzi, ila jaribu kwanza kwenye fremu ya modeli iliyopakwa tabaka zilezile.

*Swali: Nimepuliza vanishi isiyong'aa, kifaru kimekuwa na ukungu mweupe. Niko Tanga.*
Ni unyevu wa hewa ulionaswa ndani ya vanishi. Puliza tabaka jepesi la X-22 juu yake, mara nyingi ukungu hupotea. Ikikauka, rudia ile isiyong'aa siku ya jua kavu, mchana, ukisogeza pua ya kifaa hadi sentimita 10. Ukipulizia mbali, vanishi hukaukia hewani na kutua kama unga, na utaona weupe uleule kwa sababu nyingine.

*Swali: Sikuweza kufuta jioni ile, zimepita siku tatu na sasa haitoki. Nisugue?*
Usisugue, ndugu. Lowesha sehemu ndogo, acha dakika mbili, pitisha kijiti cha pamba bila kukandamiza. Kikitoka na kahawia, endelea kidogo kidogo. Kikitoka na kijani, acha hapohapo na ufunike doa kwa nukta za hatua ya 6.

*Swali: Mikono miwili ya magurudumu imekatika yenyewe baada ya woshi. Plastiki mbovu?*
Woshi imeingia kwenye plastiki isiyo na praima iliyokuwa imebanwa. Kipande kilicholazimishwa kuingia kina mkazo ndani, na waiti spiriti ikituama pale hufungua ufa. Pandisha praima kila mahali, usijaze dimbwi chini ya bodi, na tanua tundu la kiungo badala ya kukilazimisha. Kilichokatika kitoboe, ukiunge kwa kipande cha waya.

*Swali: Nataka kutengeneza kifaru cha vita vya Kagera, 1978 na 1979. Hatua ni zilezile, dada?*
Ni zilezile, rangi ya vumbi ndiyo inabadilika. Vilima vya upande wa Masaka ni vyekundu: Burnt Sienna sehemu 2, Yellow Ochre 1, nyeupe kidogo. Ukikiweka Lukaya, ambako barabara inapita kwenye kinamasi cha mafunjo, minyororo iwe na tope jeusi-kijivu na wekundu ubaki juu. Na chagua modeli kwa makini: Uganda ilikuwa na T-55, Tanzania ilikuwa na Type 59 ya Kichina iliyotokana na T-54A. Type 59 ina kifuniko cha uyoga cha kutolea hewa juu ya mnara, T-55 haina. Ukizunguka uyoga huo kwa woshi ya ncha, tofauti itaonekana tangu mlangoni.